Je, wajua kwa nini gari la hidrojeni hula umeme mwingi kuliko gari la betri?

Jioni moja kwenye kijiwe cha kahawa jirani na soko la Majengo, hapa Dodoma, dereva wa lori la masafa na kijana wa bajaji ya umeme walibishana mpaka kahawa ikapoa.

"Mwanangu, betri ni ya mizunguko ya mjini," alisema mzee. "Gari la kesho ni la hidrojeni. Unajaza dakika tano, unatoka hapa mpaka Dar bila kusimama, na nyuma linadondosha maji tu."

"Mzee wangu, hayo umeyasikia kwa wanaoliuza," kijana akajibu.

Mengi aliyosema mzee ni kweli. Ila kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: gari la hidrojeni nalo ni gari la umeme. Halichomi gesi kama injini inavyochoma petroli. Lina mtungi wa hidrojeni iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa karibu mara 700 ya hewa ya kawaida, na lina kifaa kinachoikutanisha hidrojeni hiyo na oksijeni ya hewani. Zikikutana, umeme unazalishwa na maji yanadondoka. Umeme huo ndio unaozungusha mota, sawa na kwenye gari la betri. William Grove alionyesha kanuni hiyo tangu mwaka 1839.

Basi hidrojeni yenyewe inatoka wapi? Nyingi inayotumika duniani leo hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, na kiwanda kinatoa hewa ukaa ambayo gari lenyewe halitoi. Ukitaka iliyo safi, unapasua maji kwa umeme. Kilo moja inahitaji uniti 50 hadi 55, uniti hizihizi za LUKU, ilhali nishati iliyomo ndani ya kilo hiyo ni kama uniti 33. Gari halijawashwa, theluthi imeshapotea. Kuishindilia mtungini kunakula umeme mwingine. Halafu ndani ya gari, karibu nusu ya nishati iliyobaki inaishia kuwa joto.

Mtu wa Dodoma aliyewahi kununua maji ya mkokoteni anaelewa hesabu hii. Ukimimina kutoka dumu kwenda ndoo, ndoo kwenda pipa, pipa kwenda mtungi, kila hatua yanamwagika kidogo. Betri inamimina mara chache. Treni ya SGR, inayotupeleka Dar tangu mwaka 2024, inamimina mara chache zaidi: inachukua umeme kwenye waya ulio juu ya paa lake na kuupeleka kwenye mota.

Nilichukua kalamu. Toyota Mirai hubeba kilo 5.6 za hidrojeni, na kwa vipimo vya Marekani inakwenda kama kilomita 650. Kwa uniti 55 kila kilo, mtungi mmoja umetumia takriban uniti 308. Kwa safari ya Dodoma hadi Dar, kama kilomita 450 kwa barabara, hiyo ni zaidi ya uniti 200, na ule umeme wa kushindilia bado sijauhesabu. Gari dogo la betri linalotumia uniti 20 kwa kilomita 100 lingefika kwa uniti 90.

Nilidhani kwa ukame wetu maji ndiyo yangekuwa kikwazo. Sivyo. Kilo moja ya hidrojeni inatokana na lita 9 za maji, kwa hiyo mtungi mzima ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu. Kinachouma ni umeme. Hata hivyo, kwenye malori hoja ya mzee haijafa: betri ya kuvuta tani 30 safari ndefu ni nzito mno, inakula nafasi ya mzigo na inachukua muda kuchaji.

Kuhusu kuziamini kampuni, kijana ana haki ya kuwa na wasiwasi. Nikola ya Marekani, iliyoahidi malori ya hidrojeni, mwaka 2018 ilitoa video ya lori lake likikimbia barabarani. Mwaka 2020 ikafichuka kwamba lori lile liliachiwa tu liserereke kwenye mteremko. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alikutwa na hatia ya kuwalaghai wawekezaji mwaka 2022, akasamehewa na Rais Trump mwaka 2025. Kampuni iliomba kufilisika mwaka huohuo.

Wa betri nao si malaika. Mwaka 2016 Elon Musk wa Tesla alisema kabla ya 2017 kuisha gari lao lingejiendesha lenyewe kutoka Los Angeles hadi New York. Halikufanya hivyo. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, zilichakaa upesi kwenye joto la Arizona, na wenye magari walilalamika mpaka kampuni ikaongeza dhamana ya betri. Ukikutana na Leaf iliyotumika kutoka Japani, tazama vijistari 12 vya afya ya betri pembeni ya geji, uone vimebaki vingapi, kabla hujatazama rangi.

Kwangu tofauti kubwa iko kwenye unayemtegemea baada ya kununua. Umeme wa kuchajia hautoki kwa aliyekuuzia gari, na soketi iko nyumbani kwako. Mwenye Mirai anamtegemea aliyemuuzia gari, kisha anamtegemea mwenye pampu. Mwaka 2024 Shell, kampuni ambayo jina lake ndilo lililotupa neno "sheli", ilifunga vituo vyake vya hidrojeni vya magari madogo California. Walionunua magari wakabaki wanatafuta pa kujaza.

Kijana alitoa daftari mfukoni. Kila usiku anaandika kilomita alizotembea kwa chaji moja, na pembeni anaweka alama siku alizopandisha abiria watatu kwenda chuo kikuu cha UDOM. Muuzaji alimtajia namba moja. Daftari lina nyingine, ndogo zaidi.

Mzee akavaa miwani, akalishika daftari, akaanza na ukurasa wa kwanza.