Waziri wa Fedha hatoi fedha kwa hiari yake

Kila mwezi Juni, hotuba ya bajeti inaposomwa bungeni Dodoma, wapo wanaoamini kwamba Waziri wa Fedha ndiye mwenye fedha, na kwamba barabara isipojengwa ni kwa sababu yeye amekataa kufungua mkoba. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema vingine kabisa.

Mapato ya Serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na hakuna fedha inayotoka humo bila idhini ya sheria. Hata Bunge likishapitisha matumizi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye si mtumishi wa Wizara ya Fedha, ndiye anayehakikisha kwamba fedha zinazotolewa zimeidhinishwa, kwa mujibu wa ibara ya 143. Ndani ya wizara yenyewe, Mlipaji Mkuu wa Serikali ni Katibu Mkuu, si Waziri, jambo ambalo hata baadhi ya wanahabari hulisahau. Fedha zikishafika katika wizara nyingine, anayewajibika kwa matumizi yake ni Afisa Masuuli wa huko.

Kukusanya kodi ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na noti hutolewa na Benki Kuu. Kinachobaki kwa Waziri si kidogo: sera ya kodi, mikopo, misamaha ya kodi, na mapendekezo ya nani apate kiasi gani, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapopaswa kuhojiwa kwa ukali zaidi.