Uso haujabanduka, kwani umeibiwa?

Juzi hapa Mwanga, Kigoma, kaja dada mmoja anayeanika dagaa kutoka Kibirizi, siku ya nne toka nimfanyie pilingi (kupaka asidi usoni ili ngozi ya juu iliyochoka itoke) ya asidi ya salisiliki, kanuna, "mbona sibanduki, dawa haijashika?" Hii ndo dhana inayotutesa mafundi wa saluni, watu wanataka wabambuke kama nyoka ndo waamini hela yao imeenda kihalali. Pilingi nyepesi unaweza kutoa magamba madogo tu kama mba au usione kitu na kazi imefanyika. Hata ule unga mweupe unaoganda usoni sio ngozi imeiva, ni salisiliki yenyewe imekauka, unafutika.

Dhana ya pili ndo mbaya zaidi, eti ikiunguza sana ndo kali. Jamani! Ngozi yetu nyeusi ukiiunguza inajibu kwa doa jeusi zaidi ya lile ulilokuja nalo na linaweza kukaa miezi, ndo maana glaikoliki, asidi nyingine ya pilingi, inayouzwa mpaka asilimia 70 mi naanza na 20 au 30, dakika chache, macho kwenye ngozi sio kwenye simu. Glaikoliki lazima uizime, yaani uikatishe isiendelee kula ngozi, kwa maji mengi au maji ya bekingi soda (bekingi soda, sio magadi ya kupikia maharage, nimeshaona mtu anayachanganya nikamnyang'anya bakuli). Salisiliki haizimwi. Fenoli, dawa ya pilingi kali sana, ndo usiiguse kabisa, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hiyo ni ya daktari mwenye mashine ya kuuangalia moyo.

Halafu pilingi sio mkorogo, haikufanyi mweupe. Na kama unapaka mkorogo sema, maana kwenye ngozi iliyochubuliwa asidi inazama kupita kiasi, na haidrokwinoni na zebaki, dawa za kuchubua za kwenye mkorogo, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania lakini tunajua zinapatikana. Retinoli (vitamini A ya kupaka) pia, acha wiki nzima kabla. Mjamzito aseme mapema.

Weusi hatuhitaji sanskrini, krimu ya kukinga jua? Mwanike dagaa mchana kutwa kwenye mchanga wa Kibirizi na uso mbichi muone. Paka yenye SPF 30 (kiwango cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa), unarudia kila masaa mawili, na kofia.

Yule dada leo kanitumia picha, kavaa kofia pana ya ukili, dagaa zimetandazwa nyuma yake, kaandika chini "sijabanduka, nirudishie nusu".