Espresso: gramu ngapi? Uliza kichujio kwanza

Barista wapya, yaani watengenezaji kahawa wa mikahawani, wakija kwenye mafunzo ya espresso, ile kahawa nzito ya mashine, swali la kwanza huwa hilo: niweke gramu ngapi za unga wa kahawa? Mimi huwaambia wachomoe kichujio, kile kikombe cha chuma chenye matundu, wasome ubavuni. Kikiandikwa 18, weka 18. Gramu moja juu au chini haina neno. Waitaliano wa jadi huenda na gramu 7 kwa kikombe kimoja na 14 kwa viwili, kwa vichujio vya kipimo hicho. Ukiyamwaga hayo 14 kwenye kichujio cha 18, umeharibu.

Sababu ni kwamba kahawa ikilowa huvimba, kwa hiyo lazima ibaki nafasi kidogo kati yake na chujio la juu linalomwaga maji. Ukijaza mno, unga unagandamizwa huko juu na maji yanatafuta upenyo pembeni. Ukipunguza mno, tabaka linakuwa jembamba, maji yanapita mbio, na unachokunywa ni kitu kichachu na chepesi.

Kama kichujio hakina maandishi, tumia sarafu nyembamba iliyooshwa. Shindilia kahawa kama kawaida, weka sarafu juu katikati, funga mpini unaoshika kichujio kwenye mashine, kisha ufungue bila kuwasha maji. Sarafu ikiwa imedidimia ndani ya unga, umezidisha. Ikiacha alama hafifu tu, uko pazuri. (Itoe kabla ya kuendelea. Nacheka, ila nalisema kila mara.)

Usikadirie kwa macho. Kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo ni nzito kwa ujazo wake, gramu 18 zinakaa chini kabisa. Iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi huwa nyepesi, na gramu zilezile zinaweza kugusa chujio la juu. Mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu si anasa hapa.

Ukishapata kipimo, kiache. Gramu 18 za unga ndani, takriban 36 za kinywaji kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15, saga laini zaidi; ikidondoka kwa kusuasua, saga kwa chenga zaidi. Anayegusa gramu na usagaji kwa pamoja hatajua kipi kilichosaidia.

Sasa wenye mikahawa. Najua hesabu yenu: kilo moja kwa gramu 18 hutoa espresso 55, kwa gramu 16 hutoa 62. Sina ugomvi na hilo, ila msipunguze kahawa mkabaki na kichujio kilekile. Nunueni cha 16, sageni laini kidogo zaidi, mtoe gramu 32 badala ya 36. Na kikombe cha kapuchino nacho kipungue, la sivyo maziwa yataimeza kahawa na mteja atawaambia mapema kuliko mzani.