Betri za Sigara za Kielektroniki: Mkondo Kwanza, Ujazo Baadaye

Ubelgiji ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki za kutumia na kutupa tarehe 1 Januari 2025, Ufaransa ikafuata mwezi Februari, na Uingereza tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Watumiaji wanaohamia vifaa vinavyochajiwa wameongezeka, na baadhi yao wanajikuta kwa mara ya kwanza wakinunua betri ya lithiamu iliyo peke yake, nje ya kifaa chochote, bila maelekezo wala dhamana. Pamoja na mabadiliko hayo yamekuja malalamiko ya betri zinazopoteza nguvu mapema, zinazochemka mkononi na, mara chache lakini kwa madhara makubwa, zinazolipuka. Makala haya yanalenga kumsaidia mtumiaji kuchagua kwa usahihi. Hayahimizi matumizi ya nikotini, ambayo husababisha uraibu, wala hayachukui nafasi ya maelekezo ya mtengenezaji wa kifaa.

Dhana potofu tunayokutana nayo kuliko zote ni kwamba betri yenye namba kubwa ya miliampea-saa (mAh) ndiyo betri bora. Sivyo, na ni lazima lieleweke vizuri kwa sababu kosa hili ndilo linalozaa mengi ya yale yanayolalamikiwa. Namba ya mAh hueleza kiasi cha chaji ambacho betri inahifadhi. Haielezi hata kidogo ni mkondo wa umeme wa kiasi gani betri hiyo inaweza kutoa bila kupata joto la hatari. Katika kopo la chuma la betri lenye ukubwa uleule mtengenezaji hulazimika kuchagua: akitandaza tabaka nene za kemikali, chaji huongezeka lakini umeme hutoka kwa taabu, na akitandaza tabaka nyembamba, mkondo hutiririka kwa urahisi huku chaji ikipungua. Ndiyo maana, kati ya betri za kipimo cha 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, Samsung 35E ina mAh 3500 lakini imeidhinishwa kwa mkondo wa ampea 8 tu, wakati Samsung 25R ina mAh 2500 na ampea 20, na Molicel P26A ina mAh 2600 na ampea 35. Mtumiaji anayeiweka ya kwanza katika kifaa kinachovuta ampea 20 kwa kuwa “inakaa sana” ameiweka mahali isipostahili kuwekwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua kifaa kinavuta mkondo kiasi gani, na hesabu yake si ngumu. Kwa kifaa kisicho na saketi ya kudhibiti, gawanya volti 4.2, ambayo ni volteji ya betri iliyojaa, kwa ukinzani wa koili, yaani waya unaopasha kimiminika joto. Koili ya ohmu 0.5 huvuta ampea 8.4, ya ohmu 0.2 huvuta ampea 21, na ya ohmu 0.15 huvuta ampea 28. Kwa kifaa chenye saketi hesabu hugeuka, kwa sababu saketi hushikilia wati zilezile na si volti: kadiri betri inavyoishiwa, ndivyo mkondo unavyopanda. Kifaa cha betri moja kinachotoa wati 80 na kuzima betri inapofika volti 3.2, tukikadiria ufanisi wa asilimia 90, huvuta ampea zinazokaribia 28 mwishoni mwa chaji. Wengi hudhani kinyume chake, kwamba hatari ipo betri ikiwa imejaa. Kifaa cha betri mbili hugawa mzigo huo nusu kwa nusu. Ukishapata jibu lako, chagua betri ambayo mkondo wake wa mfululizo, yaani ule inaoweza kuutoa bila kukatizwa, unazidi namba hiyo kwa nafasi ya kutosha, kisha, miongoni mwa betri zinazokidhi sharti hilo, chukua yenye mAh nyingi zaidi. Kifaa chako kikiwa kinapokea kipimo cha 21700, uchaguzi huwa mpana zaidi, kwa kuwa kopo kubwa linabeba yote mawili: Molicel P42A, kwa mfano, ina mAh 4200 na ampea 45.

Tunasisitiza maneno “mkondo wa mfululizo”. Namba kubwa inayochapishwa kwenye ganda la plastiki mara nyingi ni ya mkondo wa ghafla wa sekunde chache, na kwa namba ya aina hiyo hakuna kanuni moja inayowalazimisha wauzaji wote kusema ni sekunde ngapi wala betri ilifikia joto gani. Namba inayoaminika hupatikana katika waraka wa vipimo wa kiwanda kilichotengeneza betri. Kwenye ganda, yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuandika atakalo.

Hapo ndipo tunapofikia betri bandia. Betri halisi nyingi za 18650 zilizo sokoni hazivuki mAh 3600. Inayodai 5000, 6800 au 9900 ni ya uongo, na hakuna haja ya kuipeleka maabara ili kulithibitisha hilo. Betri halisi ya kipimo hicho huwa na uzito wa takriban gramu 45 hadi 50, hivyo ikionekana nyepesi mno kwenye mizani ya kawaida, usiitumie. Ipo pia desturi ya kununua betri zilizokataliwa na viwanda, au zilizotolewa katika kompyuta za mkononi zilizochakaa, kisha kuzivisha ganda jipya lenye jina la kuvutia. Betri za kompyuta hata zikiwa nzima kwa kawaida zilitengenezwa kwa mizigo midogo ya umeme, na hazifai kwa kazi hii.

Muuzaji anayedhani hili ni suala la biashara tu anapaswa kufahamu kwamba Kifungu cha 61 cha mkataba wa haki miliki wa TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, kinazitaka nchi wanachama kuweka adhabu za jinai kwa anayeghushi alama ya biashara kwa makusudi na kwa kiwango cha kibiashara. Adhabu hizo ni pamoja na kifungo au faini inayotosha kuzuia kosa, na pale inapofaa, kukamatwa, kutaifishwa na kuteketezwa kwa bidhaa pamoja na vifaa vilivyotumika kuzitengeneza. Aidha, kuanzia tarehe 1 Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wa betri za lithiamu wanatakiwa kutoa muhtasari wa majaribio ya Umoja wa Mataifa yajulikanayo kama UN 38.3, yanayohusu mwinuko, joto, mtikisiko, kishindo, shoti ya nje, kugongwa au kubanwa, kuchajiwa kupita kiasi na kulazimishwa kuisha. Mnunuzi ana haki ya kuuomba muhtasari huo, na muuzaji anayedai hajawahi kuusikia amejibu swali lako la uaminifu bila wewe kumuuliza.

Kwa upande wetu ni lazima tuseme jambo ambalo wauzaji hulipita kimya. Viwanda vikubwa vinavyotengeneza betri hizi, vikiwemo LG na Samsung, vimetoa maonyo ya wazi kwamba betri zao za silinda hazikukusudiwa kuuzwa mojamoja kwa mtumiaji wa sigara ya kielektroniki, bali kufungwa ndani ya pakiti zenye saketi ya ulinzi. Kwa asiye na ulazima, kifaa chenye betri ya ndani kilichothibitishwa kwa kiwango cha usalama wa umeme kama UL 8139 ni chaguo salama zaidi. Kifaa kisicho na saketi yoyote hatukipendekezi kwa mtu asiyeweza kufanya na kurudia kuhakiki hesabu tulizoeleza hapo juu.

Aliyekwisha kuwa na betri za nje azikague moja moja chini ya mwanga. Kopo lote la betri ya silinda, ubavuni na chini, ni ncha hasi. Ncha chanya ni kile kidude kidogo cha juu peke yake, na kati ya ncha hizo mbili, kwenye ukingo wa juu, hakuna kinachozitenganisha isipokuwa ganda jembamba la plastiki na pete ya karatasi iliyo chini yake. Pitisha ukucha kwenye ukingo huo. Ukikwama kwenye mpasuko, au ukiona chuma kinang'aa mahali palipopaswa kuwa na rangi ya ganda, betri hiyo isiingizwe kwenye kifaa, kwa kuwa chuma cha kifaa kikigusa hapo tayari ni shoti. Ganda jipya na pete yake huuzwa kwa bei ndogo na huvishwa kwa joto, lakini kopo lenyewe likiwa limebonyea hakuna ukarabati unaofaa.

Idara ya Zimamoto ya serikali ya Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2017, ilikusanya matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki yaliyoripotiwa na vyombo vya habari nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Katika matukio 61 kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Hata hivyo bado tunaona watu wakibeba betri zisizo na kikasha mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kana kwamba ni kiberiti kisicho na njiti. Kikasha cha plastiki kinatosha kuzuia hatari hiyo, na hatuoni sababu inayokubalika ya kutokuwa nacho.

Kuhusu kudumu kwa betri, maadui wake ni joto, chaji kamili ya muda mrefu na kuishiwa kupita kiasi. Chaja isimame yenyewe kwenye volti 4.2, na anayekubali kupoteza sehemu ndogo ya chaji kwa kusimamisha kwenye 4.1 atapata mizunguko mingi zaidi ya kuchaji. Betri ya akiba ihifadhiwe ikiwa karibu nusu, mahali pa baridi, kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iliyoshuka chini sana ya volti 2.5 isifufuliwe: shaba ya ndani huwa imeanza kuyeyuka, na inapochajiwa upya hujijenga mahali isipotakiwa na kuleta shoti isiyoonekana kwa nje. Betri zinazofanya kazi mbili mbili zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja na zistaafishwe pamoja, kwani iliyo dhaifu hufika chini kabla ya mwenzake na kuendelea kulazimishwa.

Wasafiri wa anga wanakumbushwa kwamba tangu mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza sigara za kielektroniki kuwekwa katika mizigo inayopelekwa chini ya ndege. Kifaa na betri za akiba husafiri na abiria mwenyewe, kila betri ikiwa imezibwa ncha zake, na kuchaji ndani ya ndege hakuruhusiwi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri, na betri ya mAh 3000 yenye volti 3.6 ina wati-saa 10.8, hivyo hoja ya ukubwa haiwezi kutumiwa kama kisingizio cha kuificha kwenye begi kubwa.

Betri ikianza kutoa sauti ya mluzi, moshi au harufu kali tamu, ondoka karibu nayo na usivute hewa ile, kwa sababu ina gesi zenye sumu. Utando wa plastiki unaotenganisha tabaka za ndani huyeyuka joto likifika karibu nyuzi 130, na kuanzia hapo kemikali za ndani huweza kutoa oksijeni yake zenyewe, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuizimi. Maji mengi ndiyo yanayoipoza. Betri iliyopoa kabisa iwekwe nje ya nyumba kwenye chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na kitu kinachoweza kushika moto. Anayekusudia kulalamika atunze risiti, apige picha ya ganda likionyesha jina, namba ya toleo na pande zote mbili, aandike kifaa kilichotumika na ukinzani wa koili, kisha awasilishe taarifa hiyo kwa mamlaka ya viwango au ya kulinda mlaji iliyo karibu naye kabla ya kurudisha chochote kwa muuzaji. Betri zilizochakaa tu, zisizo na jeraha, zizibwe ncha kwa utepe wa plastiki na kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia betri, kwa maana zikitupwa kwenye takataka za kawaida hubanwa ndani ya gari la taka na kuwasha moto miguuni pa wafanyakazi wasiojua kilichomo.