Sauti ya Anna German haikukaa kooni

Jumamosi iliyopita nimeambiwa tena. Tulikuwa tumemaliza mazoezi, vijana wa soprano wamekusanyika kwenye simu moja wanamsikiliza Anna German, nami nikawasimulia ajali yake ya Italia. Mmoja wao akasema, "Lakini mwalimu, si aliumia mgongo na miguu? Koo lilikuwa zima. Sauti ilikuwapo tu, inamsubiri apone." Wenzake wakaafiki. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanakwaya, kwa wapiga kinanda, hata kwa mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Kwa asiyemjua: ni mwimbaji wa Poland aliyezaliwa mwaka 1936 mjini Urgench, Uzbekistan, enzi za Muungano wa Kisovieti. Baba yake alikamatwa mwaka 1937, wakati wa kamatakamata ya Stalin, akauawa mwaka uliofuata. Mama yake alihamia naye Poland mwaka 1946. Alisoma jiolojia chuo kikuu Wrocław huku akiimba, na wimbo "Tańczące Eurydyki" ukamfungulia njia kwenye matamasha ya muziki ya Opole na Sopot, hukohuko Poland, mwaka 1964. Kampuni ya rekodi ya Milan ikamchukua, na mwaka 1967 akapanda jukwaa la Sanremo, tamasha la nyimbo la Italia. Baadaye Warusi walimpenda kama mtoto wao, maana aliwaimbia kwa lugha yao. Hayo utayapata popote.

Tuje kwenye ajali. Usiku wa tarehe 27 Agosti 1967 alikuwa ametoka kuimba Forlì, yuko njiani kurudi Milan, dereva akasinzia. Anna alirushwa nje ya gari. Alivunjika uti wa mgongo, miguu na mkono wa kushoto, akapoteza fahamu kwa siku kadhaa. Kisha akafungwa hogo kubwa la plasta lililobana kiwiliwili chote, akalala nalo miezi.

Hapo kwenye hogo ndipo ninapotaka tukae.

Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vidogo tu kooni. Vyenyewe havina nguvu ya kuimba chochote. Hutetemeshwa na hewa inayotoka chini, na hewa hiyo haijitoi yenyewe. Inashikwa na misuli ya katikati ya mbavu, misuli ya tumbo na ya kiuno, na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mgongo ndio mhimili wa kazi yote hiyo. Sasa mfunge mtu plasta ngumu toka kifuani mpaka nyongani, mbavu zisipanuke, tumbo lisisogee, miezi ipite. Misuli isiyotumika hunywea. Ataamka na koo zima kabisa, na hatakuwa na kitu cha kulipulizia.

Yule kijana hakuniamini, nikaomba kanga. Nikamzungushia mbavuni na kumkaza, si kwa kumuumiza, kiasi cha kuzuia mbavu zisifunguke. Nikamwambia aimbe "a" kwa pumzi moja, noti ambayo dakika tano nyuma aliishika mpaka sekunde kumi na nane. Ilimfia kwenye ya saba. Tena kabla ya kufa ilianza kutikisika na kushuka, mabega yakapanda masikioni, mishipa ya shingo ikamtoka. Koo lake halikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa kanga tu, doti moja, kwa nusu dakika.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunamzungumzia mwimbaji ambaye silaha yake ilikuwa upole. Angekuwa mtu wa kupaza sauti, angeweza kujikokota kwa nguvu za koo mwaka mmoja miwili kabla halijaharibika. Kuimba kwa upole noti ndefu ya juu, bila kuiachia hewa ivuje, ni kazi nzito kuliko kupiga kelele. Unaibania hewa isitoke yote, na unayeibania ni wewe mwenyewe kwa mbavu zako. Waitalia wana neno lao la kazi hiyo, maana yake ni kuegemea: sauti inaegemea pumzi, kama mtu anavyoegemea ukuta. Msikilize anavyomaliza mstari. Sauti inapungua mpaka inakuwa uzi, na uzi haukatiki.

Alirudi jukwaani mwaka 1970 na "Człowieczy los", muziki ameutunga mwenyewe. Maneno yake yanasema majaliwa ya binadamu si hadithi wala ndoto, ni siku ya kawaida, ya kijivu. Hapo tena huja wale wanaosema ajali ndiyo iliyomtia huzuni sautini. Nawaomba wasikilize "Tańczące Eurydyki", iliyorekodiwa kabla ya ajali. Huzuni imo, tena tele.

Nakiri jambo moja ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka. Tunawaambia wanafunzi "imba kwa tumbo", na tumboni hakuna hewa ya kuimbia hata chembe. Walimu wenyewe hatukubaliani tumbo lisukumwe nje au livutwe ndani, na nimewasikia waimbaji wazuri wa pande zote mbili. Miaka ya mwanzo nilifundisha kusukuma nje kwa ukali kama amri. Siku hizi ninagusa mbavu za nyuma, namwuliza mwanafunzi anasikia nini, kisha namwacha ajaribu. Lakini kwamba sauti inabebwa na kiwiliwili, hilo sina shaka nalo.

Kansa ya mifupa ilimchukua Agosti 1982, Warsaw, akiwa na miaka 46. Mwaka huohuo alikuwa amebatizwa Msabato, na katika ugonjwa wake alitunga muziki wa zaburi na wa Sala ya Bwana, akaimba nyumbani. Jumamosi ijayo tutausikiliza ule wa Sala ya Bwana. Kila mmoja aje na kanga yake, na akae karibu na mwenzake wa kuishika.