Mtoto aliyefunga choo: apewe dawa ipi, na kwa muda gani?

Mwanangu wa miaka mitatu hupata choo mara mbili tu kwa wiki, tena kwa kilio. Bibi yake anataka apikiwe sanamaki au anyweshwe mafuta ya mbarika. Nikubali?

Usikubali, ingawa bibi ana nia njema. Dawa hizo, ambazo nyumbani hazina kipimo, humsokota mtoto tumbo na kumharisha siku moja, kisha choo hurudi kuwa kigumu kwa sababu kilichomfungisha hakijaondoka, nacho mara nyingi ni hofu. Mtazame anapobanwa: husimama kwa ncha za vidole, hubana makalio na kushikilia mlango huku jasho likimtoka. Wazazi wengi hapa Chake Chake hudhani anasukuma, kumbe anazuia, maana anakumbuka maumivu ya juzi. Na kadiri kinyesi kinavyokaa ndani, ndivyo utumbo unavyokifyonza maji na kukikausha.

Basi dawa ipi?

Inayotangulizwa ni makrogoli, unga unaokorogwa kwenye maji na kuyazuia maji hayo yabaki ndani ya kinyesi. Ikikosekana, hutumika laktulozi, dawa ya maji tamu inayoanza kufanya kazi baada ya siku moja au mbili, na ambayo huweza kumjaza mtoto gesi. Bisakodili, inayousukuma utumbo, ni nyongeza ya daktari hizo zikishindwa. Kipande cha sabuni kisitiwe kabisa njia ya haja kubwa, kwani hubabua ngozi laini ya ndani.

Amepata choo laini kwa wiki moja. Niache dawa?

Bado, nakusihi. Chupa ikiisha mzazi hufurahi, na baada ya muda mfupi mtoto huanza tena kulia chooni. Dawa hutumika angalau miezi miwili, na dalili ziwe zimetoweka mwezi mzima kabla ya kuipunguza kidogo kidogo.

Chupi yake huchafuka kinyesi chepesi. Anaharisha?

Huenda ni majimaji yanayopenya kando ya bonge lililokwama. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Mpeleke kituo cha afya, ambako ataandikiwa kwanza kipimo kikubwa cha makrogoli kwa siku chache ili bonge litoke.

Na mdogo wake wa miezi miwili, anayenyonya tu, hajapata choo siku nne?

Akiwa ananyonya vizuri, anaongezeka uzito na choo kikija ni laini, hahitaji dawa. Lakini akitapika rangi ya kijani, tumbo likivimba, au ikiwa alipozaliwa alichelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.