Kwa nini watafiti huosha tope la kale kutafuta meno ya papa yaliyo madogo kama punje ya mchanga?

Mwaka 1990, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, Sue Hendrickson aliona mifupa ikichungulia kwenye genge. Ilikuwa ya dinosau aina ya Tyrannosaurus rex, mmoja wa wakubwa na waliokamilika zaidi kuwahi kupatikana, ambaye leo amesimamishwa katika makumbusho ya Field Museum mjini Chicago kwa jina la huyo aliyemwona: Sue. Macho yote yalikuwa kwenye mifupa. Udongo uliokuwa umeigandia ulibanduliwa na kuwekwa ghalani.

Miaka mingi baadaye Karen Nordquist, aliyekuwa akijitolea katika makumbusho hayo, alikuwa akichambua udongo ule chini ya hadubini akaona kitu kidogo cha pembetatu, upana wake kama milimita moja hivi. Lilikuwa jino la papa. Yakapatikana mengine zaidi ya ishirini, na mwaka 2019 wataalamu wakatangaza spishi mpya: Galagadon nordquistae, papa wa sentimita 30 hadi 45 aliyeishi kwenye mto ambao Sue alifia kando yake, miaka milioni 67 hivi iliyopita. Sehemu ya kwanza ya jina imetokana na Galaga, mchezo wa kompyuta, kwa kuwa jino lile linafanana na chombo cha angani cha mchezo huo. Sehemu ya pili ni heshima kwa Nordquist.

Hebu fikiria. Mnyama mzima, tena ambaye sayansi haikuwa na habari zake, alikuwa amelala kwenye udongo uliobanduliwa ili mifupa ya mwenzake ionekane vizuri. Nauliza basi: inakuwaje papa abaki jino tu, na mtu analipataje jino la milimita moja ndani ya gunia zima la mchanga?

Tuanze na mwili wa papa mwenyewe. Hana mifupa. Kiunzi chake chote ni gegedu, ile tishu inayoshikilia umbo la sikio lako na ncha ya pua yako. Akifa, gegedu huoza au kuliwa upesi, na ni nadra likaacha alama. Zinazosalia mara nyingine ni pingili za uti wa mgongo, kwa sababu zimejaa chumvi za kalsiamu. Jino haliozi upesi hivyo. Ndani ni dentini, ile tishu ngumu inayofanya sehemu kubwa ya jino, na nje limevikwa ganda gumu linalong'aa ambalo madini yake ni apataiti, aina ya fosfati ya kalsiamu, yenye florini. Florini hiyo huifanya apataiti iwe ngumu kuyeyuka, na ndiyo sababu dawa nyingi za meno tunazotumia sisi hutiwa floraidi. Papa huzaliwa na kinga hiyo tayari.

Halafu kuna wingi. Nyuma ya safu ya meno inayouma kuna safu nyingine zimelala chini zikingoja zamu, na ufizi huzisogeza mbele polepole. Kwa baadhi ya spishi jino hukaa siku chache au wiki chache tu kabla ya kung'oka. Papa mmoja anaweza kudondosha maelfu ya meno maishani mwake, pengine makumi ya maelfu, na kila moja huzama kwenye tope. Kwa hiyo jino la kisukuku, mara nyingi, si ushahidi wa kifo. Mwenyewe alilidondosha akaendelea na safari yake.

Ngozi nayo ina yake. Anayejua kushika papa anajua kwamba ukimpapasa kutoka mkiani kwenda kichwani hukwaruza kama msasa. Mkwaruzo huo unatokana na magamba madogo mno ambayo kwa muundo ni meno kamili: yana dentini, yana ganda gumu, na yana tundu la neva na damu katikati. Tuyaite vijino vya ngozi. Mengi hayafiki hata nusu milimita, na hudumu kwenye mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, kama meno ya mdomoni yanavyodumu. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ana vijino hivi hata kwenye uso wa macho yake, kuzunguka mboni. Jambo hilo lilielezwa kitaalamu mwaka 2020, nami bado linanistaajabisha.

Meno yaliyotawanyika kwenye sakafu ya bahari yangekuwa ya kuokotwa kwa bahati tu, lakini bahari hupepeta. Mawimbi na mikondo huinua tope jepesi na kulipeleka mbali kama makapi. Jino, mfupa na kokoto ya fosfati, kwa uzito wao, hubaki chini. Pale ambapo mashapo mapya hayaji kwa wingi, upepetaji huo huendelea mpaka tabaka jembamba linakusanya mabaki ya zama nzima. Karibu na Bakersfield, California, kuna tabaka la aina hiyo linaloitwa Sharktooth Hill, la miaka milioni 15 hivi iliyopita, limesheheni meno ya papa pamoja na mifupa ya nyangumi, sili na kasa. Kwa muda mrefu watu walidhani ni maafa ya ghafla yaliyoua wanyama wote hao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa tabaka lile lilijikusanya kidogo kidogo, kwa muda unaoweza kufika miaka 700,000.

Meno makubwa ya namna hii yamekuwa yakiokotwa tangu kale, na kwa karne nyingi hayakueleweka. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kuwa ni mawe yenye umbo la ulimi yanayoanguka kutoka angani mwezi unapopatwa. Mwaka 1666 wavuvi walimkamata papa mkubwa karibu na Livorno, Italia, kichwa chake kikapelekwa Florence, na Nicolas Steno, mtaalamu wa anatomia, akakipasua. Mwaka uliofuata akachapisha hoja kwamba yale mawe ya ulimi yanafanana mno na meno ya papa, na kwamba ardhi yanamopatikana yaelekea iliwahi kuwa chini ya maji.

Sasa kazi yenyewe. Mtafiti akishachukua udongo kwenye tabaka, na akaandika palepale umetoka wapi na kina gani, anaanza kwa kuuanika. Watu hushangaa: mbona aukaushe wakati anakwenda kuulowesha? Ni kwamba udongo wa mfinyanzi uliokauka kabisa ukitiwa majini hunyonya maji kwa ghafla na kumeguka wenyewe. Ukitiwa ungali na unyevu hubaki bonge, na bonge humshawishi mtu aliponde kwa mkono. Akiliponda, anavunja ncha za meno, na bila ncha jino halisemi ni la nani.

Mwamba wa chokaa hautaki maji, unataka asidi. Hutumika asidi asetiki hafifu, ile ile inayoipa siki ukali wake, kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10. Chokaa huchemka povu taratibu na kuyeyuka kwa siku au wiki kadhaa, na meno, kwa kuwa ni fosfati, husalia. Asidi kali ya haidrokloriki ingemaliza kazi kwa haraka na kumaliza meno vilevile. Ila hata hiyo asidi hafifu ina hasara yake. Samaki wenye mifupa wana vijiwe ndani ya masikio, otolithi, vinavyokua kwa pete kama za mti, na kutokana na umbo lake mtaalamu hutambua spishi. Vijiwe hivyo ni kalsiamu kabonati, jamaa ya chokaa yenyewe, na asidi huvimaliza pamoja na mwamba. Konokono na foraminifera, viumbe wadogo wa seli moja wenye ganda la chokaa, huondoka nao. Kwa hiyo kabla ya kumimina asidi, mwenye busara huweka kando sehemu ya sampuli isiyoguswa.

Kinachobaki hupitishwa kwa maji kwenye machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine: matundu ya milimita 4 juu, chini yake 2, kisha 1, kisha nusu milimita, na wengine hushuka zaidi. Matundu hushika chembe bila kuonekana, na jino la sampuli ya jana likidondokea kwenye sampuli ya leo litadanganya kwa mamilioni ya miaka. Baadhi ya maabara huzuia hilo kwa kuloweka chekeche kwenye rangi ya buluu ya methileni baada ya kuliosha. Chembe iliyokuwa imenasa hupakwa rangi, na ikijitokeza katika sampuli inayofuata, ubuluu wake huisema kuwa ni mgeni.

Kisha mtu anakaa. Ananyunyiza kijiko kidogo cha mchanga uliokauka kwenye sinia lenye mistari ya miraba, chembe zisipandane, analiweka chini ya hadubini na kuupitia mraba baada ya mraba. Mkononi ana brashi nyembamba kabisa, ncha yake imeloweshwa kidogo. Chembe nyingi ni mchanga mtupu, angavu au kijivu, bila mpangilio. Jino hujulikana kwa mng'ao wake kwanza, umbo baadaye. Lina weusi au hudhurungi iliyotokana na madini ya ardhini, na taa ikilipiga linameta kwa namna ambayo mchanga haumeti. Brashi yenye unyevu inaligusa, linajishika. Linageuzwa: huu hapa mzizi wenye vitundu, hili taji, hii ncha kuu na ncha ndogo pembeni yake. Kisha linatiwa kwenye kidonge kitupu cha jelatini au kisahani chenye kishimo, lebo juu. Sampuli ikiwa kubwa, hutumika kimiminika kizito ambamo mchanga wa kawaida huelea na meno huzama, kwa kuwa apataiti ina uzito zaidi. Lakini mwisho wa yote ni jicho.

Jicho hilo halikutani na meno ya papa peke yake. Kuna meno ya taa, wale samaki bapa walio jamaa ya papa: nayo ni bapa na yenye pembe sita kama vigae, ya kusagia makombe. Vipande vya miiba ya nyenga. Pingili za samaki ndogo kama kitufe. Vipande vya taya vyenye meno yake bado. Kila kimoja kinahitaji uvumilivu kukitambua, hasa papa, maana mdomo mmoja huwa na meno ya maumbo tofauti: ya mbele marefu, ya pembeni mafupi na mapana, ya taya la juu si kama ya chini. Wataalamu wa zamani walimpa papa mmoja majina kadhaa kwa sababu hiyo.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaodhani kazi hii ni ya kujazia tu makusanyo. Anayetembea juu ya tabaka akiokota anachokiona atarudi na meno makubwa, na ataandika kuwa bahari ile ilikuwa ya papa wakubwa. Anayetumia chekeche la milimita 4 ataongeza wachache. Anayeshuka hadi nusu milimita atakuta papa wadogo wa sakafuni, taa na vifaranga vya wale wakubwa, na bahari ile ile inabadilika mbele yake. Matundu ya chekeche huamua ni bahari ipi tutaisimulia. Tena udogo wa jino si udogo wa mnyama: papa potwe, mwenye urefu wa kupita mita 12, ana meno ya milimita chache tu. Msomaji akiniambia jino dogo ni la papa mdogo, nitamrudisha kwa huyo.

Katikati ya bahari kuu, mbali na nchi kavu, mambo huenda mbali zaidi. Huko mashapo huongezeka taratibu mno, na mrija mmoja mrefu wa tope uliochimbwa na meli unaweza kubeba mamilioni ya miaka. Mwaka 2021 watafiti Elizabeth Sibert na Leah Rubin walichapisha katika jarida la Science hesabu ya vijino vya ngozi ya papa na meno ya samaki waliyoyaosha kutoka kwenye tope la namna hiyo la Bahari ya Pasifiki. Kabla ya miaka milioni 19 iliyopita walikuwa wakipata kijino kimoja cha papa kwa kila meno matano hivi ya samaki. Baada ya hapo, kimoja kwa mia. Walihitimisha kuwa papa wa bahari kuu walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, katika tukio ambalo hakuna aliyekuwa akilijua wala aliyejua kilichosababisha.

Wenzao waliwapinga katika jarida lile lile, wakitilia shaka iwapo tope la sehemu chache linaweza kuzisemea bahari zote. Ni pingamizi la haki, na njia ya kulijibu ni kuhesabu tope la sehemu nyingine nyingi. Sehemu kubwa ya tope hilo imekwisha kuchimbwa. Mirija yake, iliyopasuliwa katikati na kuandikwa namba, imelazwa kwenye maghala ya baridi huko College Station nchini Marekani, Bremen nchini Ujerumani na Kochi nchini Japani, ikisubiri mtu wa kuja kuiosha.